Mwangwi Ndani ya Gari

Familia inapohamia nyumba mpya, kabla vitanda, mapazia na mikeka havijaingizwa, kila neno linalosemwa chumbani hujirudia. Mama akimwita mtoto, ukuta nao huita. Vyombo vikishapangwa mwangwi hutoweka, kwa kuwa magodoro na vitambaa humeza sauti. Gari ni chumba kilichokwisha kujaa vyombo: viti vya sponji, zulia na nguo za abiria. Ndiyo sababu redio ya gari, hasa enzi za spika moja, ilisikika kavu, kana kwamba muziki unapigwa ndani ya kabati.

Mafundi wa Marekani waliutafutia upungufu huo dawa. Mwaka 1930, mjini Chicago, Paul Galvin na wenzake walitengeneza redio ya gari waliyoipa jina la Motorola. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni hiyo hiyo ikauza chombo kiitwacho Vibrasonic, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza mwangwi katika sauti ya redio. Viwanda vya magari navyo vikawauzia wateja wao vyombo vya namna hiyo.

Asili ya chombo hiki si gari, bali ni simu. Wataalamu wa maabara ya Bell walitumia springi ili kuigiza jinsi sauti inavyochelewa katika nyaya ndefu za simu. Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda vya umeme, naye wa Chicago, akaitwaa njia hiyo ili kinanda kilichowekwa sebuleni kisikike kama kilichomo kanisani.

Utendaji wake si mgumu kuufahamu. Sehemu ya umeme uendao kwenye spika ya mbele huchepushwa hadi kwenye kisanduku. Humo huingia katika koili ndogo, na sumaku iliyoshikana na ncha ya springi nyembamba hutikisika. Mtikiso husafiri hadi ncha ya pili, ambako koili nyingine huugeuza kuwa umeme tena. Sekunde moja ikigawanywa mafungu 1000, safari hiyo huchukua kiasi cha mafungu 30. Hewani, muda huo huiwezesha sauti kwenda mita 10, yaani kuufikia ukuta ulio umbali wa mita 5 na kurudi. Mtikiso huenda na kurudi mara nyingi, ukififia kidogo kidogo. Umeme wake hukuzwa kwa transista na kupelekwa kwenye spika iliyo nyuma ya kiti cha abiria. Basi sikio hudanganyika, likadhani gari ni ukumbi.

Lakini ukumbi hausafiri. Gari lilipoingia shimoni au kuvuka reli, springi ziligonga ndani ya kisanduku, na ngurumo kama ya radi ikatoka spikani na kumshtua dereva. Taarifa ya habari nayo iliharibika, maana maneno yalipandana; dereva mwenye busara alizungusha kitasa akauzima mwangwi mpaka muziki urejee. Mwezi Septemba 1965 kampuni ya Ford ilianza kuwapa wanunuzi wa magari ya toleo la 1966 nafasi ya kuchagua mashine ya kanda za stereo, iliyotengenezwa na Motorola ile ile. Upana wa sauti sasa ulitoka katika kanda yenyewe, na springi zikaanza kusahauliwa.

Hata hivyo, usiache mbachao kwa msala upitao. Watunzaji wa magari ya zamani huvitafuta visanduku hivyo hadi leo, na aliyerithi gari lenye kimoja asikitupe. Ila na achunge mambo manne.

Kwanza, ahakikishe betri ni ya volti 6 au 12, na ni ncha ipi iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga ncha chanya, ilhali ya Marekani ya miaka hiyo kwa kawaida yalifunga hasi. Umeme ukiingia kinyume, transista huungua mara moja.

Pili, asikiunge kisanduku cha zamani na redio ya kisasa bila fundi. Vyombo vingi vya zamani huunganisha waya mmoja wa spika na bodi. Katika redio nyingi za sasa, waya wa spika ukigusa bodi huweza kuiua redio.

Tatu, waya wa umeme upitie fyuzi, iliyowekwa karibu na betri. Nyaya kuukuu zilizokatika ngozi ni chanzo cha moto, na moto wa gari haumpi mtu nafasi ya kufunga mlango.

Nne, springi zisivutwe wala zisipakwe grisi. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kwa kuwa waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele.

Jambo kubwa kuliko yote ni masikio ya dereva. Mwenye kuendesha familia yake anapaswa kusikia filimbi ya askari wa barabarani, king'ora cha gari la wagonjwa na kilio cha mtoto nyuma. Mwangwi ni starehe ya njia nyororo na sauti ya chini. Penye watu wengi, kitasa kizungushwe, ukumbi ufungwe.