Namba Saba na Bawaba Mbili

Miongoni mwa itikadi zilizoenea katika miji yetu ya pwani, tangu Kariakoo mpaka Mombasa, hapana isadikiwayo kwa wepesi na kugharimu kwa uzito kama hii: kwamba mtu atakaye laptopu ya picha, sauti na sinema, naye ana fedha ya kadiri, si ya kitajiri wala ya kimaskini, hana haja ya kuitazama mashine yenyewe, bali asome kibandiko kilichogandishwa pembeni mwa kibodi, atafute namba ya prosesa iliyo kubwa kuliko nyenzake, alipe, aondoke. Tatu ni ya mwanafunzi, tano ni ya karani, saba ni ya mtu anayejua anachokitaka. Ndivyo wasemavyo wauzaji, na wanunuzi huyarudia maneno hayo majumbani mwao kana kwamba ni elimu waliyorithi kwa mababu. Mimi nasema itikadi hii ni batili, na kwamba katika bei ya kati, kuliko bei nyingine yoyote, namba kubwa yapasa kumtia mnunuzi hadhari kabla ya kumtia furaha.

Sababu yake si siri. Mtengenezaji wa mashine ya bei ya juu ana nafasi ya kutia kila kitu kizuri, na mtengenezaji wa mashine rahisi kabisa hana nafasi ya kutia kizuri chochote, wala mnunuzi wake hajidanganyi juu ya hilo. Lakini huyu wa kati amepewa fungu moja la fedha lisilotosha mambo yote, naye anajua kwamba prosesa na kadi ya michoro huandikwa katika tangazo, ilhali bawaba, feni, kioo, spika na betri haziandikwi, au huandikwa kwa herufi ambazo mtu wa miaka yangu huhitaji miwani miwili kuzisoma. Basi atapunguza wapi? Sijapata kuona, katika matangazo yote yaliyopita mbele ya macho yangu, lililojisifia kwamba bawaba zake zimekazwa katika chuma.

Mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kupiga na kuhariri video za harusi hapa Tanga, alisafiri mpaka Dar es Salaam, akaingia duka nisilolitaja, akarudi na laptopu mpya ya Sh 1,800,000, imefungwa katika boksi lenye picha ya twiga wa rangi zote za upinde wa mvua. "Mjomba," akaniambia, "hii ni saba." Hakusema ni saba ya nini, wala mimi wakati ule sikuwa na akili ya kumwuliza. Siku ya nne nikamdadisi hali ya mashine, akaisifu sifa ambazo, kama angemsifia mchumba, mahari yangepanda: inawaka upesi, nyepesi, nzuri, haina kasoro.

Na hapa lazima nisimame kidogo, maana ndipo kosa kubwa lilipo. Sisi watu wa pwani tunajua fungate ni siku saba, na tunajua ya kuwa hakuna mwenye busara anayekwenda kumwuliza bwana harusi, ndani ya siku hizo, kama mkewe ana ulimi mkali. Lakini katika laptopu twafanya hivyo hivyo: twamwuliza jirani aliyenunua juzi, twasoma sifa zilizoandikwa na watu ambao hata karatasi ya nailoni hawajaibandua juu ya kioo, kisha ushahidi huo wa fungate twaufanya hoja ya kutoa fedha zetu. Kifuniko hakijafunguliwa mara elfu, vumbi halijaingia katika feni, betri haijapitia Januari hata moja ya Tanga. Mtu wa siku ya nne anashuhudia furaha yake mwenyewe, na furaha hiyo si ya uongo. Ila haina habari yoyote juu ya mashine.

Mwezi wa pili ndipo joto lilipoanza kusema. Watu wengi hawafahamu kwamba prosesa za mashine nyembamba za aina hii huruhusiwa kuvuta umeme mwingi kwa muda mfupi tu, aghalabu nusu dakika hivi, ili zionekane za kasi wakati wa kufungua programu. Muda huo ukipita hurudishwa kwenye kiasi kidogo, wati 15 au zinazokaribia hapo, na joto likikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Kwa mwandishi wa barua hilo si neno, kwa kuwa barua haihitaji zaidi ya hizo sekunde. Lakini mhariri wa harusi anaiamuru mashine itoe filamu ya saa tatu, mchana, chumbani mwenye joto la nyuzi 32, na feni yake moja nyembamba inavuta hewa ambayo tayari ni moto. Hapo saba inakimbia kama sungura mpaka kona ya kwanza, kisha inatembea. Rafiki yake mwenye mashine ya namba tano, nzito kidogo, yenye feni mbili na matundu mapana, alikuwa akimaliza kazi ile ile kabla yake. Mpwa wangu alidhani ni virusi.

Mwezi wa tatu ikaja aibu ya rangi. Bibi harusi mmoja aliletewa video yake, ikaonyeshwa kwenye televisheni kubwa mbele ya wakwe, na uso wake ulikuwa mwekundu kama nyanya. Kumbe kioo cha laptopu, ambacho kibandiko kilikisifu kwa wingi wa nukta tu, 1920 kwa 1080, kilikuwa cha ile jamii hafifu inayoweza kuonyesha chini ya theluthi mbili ya rangi ambazo picha za kawaida zimekusudiwa kuwa nazo. Wekundu kilikuwa kikiufifiza, naye kijana, kwa uaminifu wote, akauongeza mpaka ukamridhisha machoni, asijue kwamba anamtibu mgonjwa kwa kutazama kioo kilichopinda. Hii ndiyo mashine iliyouzwa kwa jina la picha na sauti! Na sauti yenyewe tusiizungumze sana: spika mbili zinazotazama chini, ambazo ukiiweka laptopu kitandani huzikwa hai ndani ya godoro.

Haya yote, hata hivyo, ni madogo mbele ya bawaba. Katika laptopu nyingi za bei ya kati bawaba ni vipande viwili vya chuma kigumu, vilivyokazwa kwa skrubu ndogo, na skrubu hizo huingia katika nati za shaba zilizozamishwa kwa moto ndani ya vijiti vya plastiki. Chuma hakitoi radhi kwa plastiki. Kila ufunguapo kifuniko, na hasa ukikifungua kwa pembe moja kwa mkono mmoja kama tufanyavyo sote, nguvu yote ya ule ugumu huangukia vijiti viwili au vitatu vyenye unene wa njiti za kiberiti. Navyo huvumilia, huvumilia, kisha siku moja husikika mlio mdogo kama wa bisi inayopasuka, kona ya kifuniko ikaachana, na waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo ukaanza kuchunwa. Mashine ya mpwa wangu ilifika siku hiyo katika mwezi wa kumi na nne, yaani miezi miwili baada ya dhamana kwisha, na dhamana yenyewe, tulipoisoma, ilikuwa imekwisha kueleza kwamba mipasuko ya ganda ni uzembe wa mtumiaji.

Nilimsindikiza kwa fundi. Juu ya meza yake palikuwa na kifuniko cha chupa ya soda kilichojaa nati za shaba, ndogo kama punje za mtama. "Mzee wangu," akasema, "hizo zote za mwezi huu." Nikamwuliza, katika laptopu anazoletewa, ni ngapi ambazo prosesa yake imekufa, akacheka kwa adabu, akasema, "Prosesa haifi, mzee. Hufa nyumba yake." Akachanganya gundi ya mirija miwili, akapaka, akaiweka mashine chini ya tofali mpaka kesho yake. Katika kifuniko kile cha soda palikuwa na elimu ambayo sikuipata katika tangazo lolote, nami nikajuta kwamba hatukumwendea fundi huyu kabla ya kwenda dukani. Nasema hili kwa msisitizo: atakaye kununua na aende kwanza kwa anayetengeneza, maana yeye huonana na bidhaa fungate ikiwa imekwisha zamani.

Tuirudie sasa namba yenyewe, kwani kuna watakaosema nimekimbia uwanja. Intel ilianza kutumia jina la Core i7 mwaka 2008, na tangu hapo saba imewekwa juu ya vitu vingi visivyofanana. Prosesa ya i7-7500U, ya mwaka 2016, ina viini viwili. I5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina vinne, na zote mbili zimekadiriwa wati zile zile 15. Kwa hiyo aliyenunua saba mwaka mmoja alipitwa na aliyenunua tano mwaka uliofuata, si kwa ujanja bali kwa kusoma tarakimu zinazofuata baada ya kistari, ambazo muuzaji hazitamki. Na waulizeni walionunua laptopu zilizotumika, zilizoletwa kutoka Uingereza na Dubai, zenye saba ya kizazi cha sita au cha saba, waliponyimwa njia rasmi ya kupanda Windows 11 kwa kuwa Microsoft, kwa upande wa Intel, huanzia kizazi cha nane isipokuwa prosesa chache. Nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tano ya kizazi cha nane iliingia mlangoni, saba ya kizazi cha saba ikabaki barazani.

Wala si jambo jipya kwamba kinachotangazwa mbele ndicho kiponzacho. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya hasara ya vipande vyake vya michoro vilivyokuwa vikifa ndani ya laptopu kwa wingi usio wa kawaida, kwa sababu ya udhaifu wa vitu vilivyovifunga na vilivyoviungia, ambavyo joto na baridi ya kila siku viliviatua. Zingatieni: laptopu za namna hiyo zilinunuliwa kwa ajili ya kipande hicho, jina lake likiwa limebandikwa penye kiganja cha mkono, na hicho hicho ndicho kilichotangulia kaburini. Hata neno lenyewe la multimedia lilipozaliwa madukani, mnamo mwaka 1991, lilizaliwa pamoja na alama ya kubandika, iliyomwahidi mnunuzi kompyuta yenye memori ya megabaiti 2, diski ya megabaiti 30 na kisomeo cha sidii. Miaka zaidi ya 30 imepita na bado tunanunua kwa kutazama stika.

Sitaki kudhulumu. Ziko namba mbili ninazoziheshimu: memori, ambayo kwa kazi ya video nisingeshuka chini ya gigabaiti 16, tena zikiwa vipande viwili, kwa kuwa kipande kimoja huibana ile kadi ya michoro iliyomo ndani ya prosesa, na diski, ambayo lazima iwe SSD, maana tafauti yake na diski ya kuzunguka huonekana hata na asiyejua kusoma. Muuzaji naye ana hoja yake: wateja wenyewe ndio wanaoingia dukani wakiuliza saba, na akiwaonyesha tano iliyo imara humwona mjinga au mwizi. Ni kweli. Lakini daktari akiombwa sindano na mgonjwa asiyeihitaji hampigi sindano kwa kuwa ameombwa, na mfanyabiashara anayejua kwamba bawaba za mzigo wake zinapasuka, kisha akanyamaza, hawezi kujificha nyuma ya hamu ya mteja.

Basi wewe msomaji unayeweka akiba ya kununua, weka namba mfukoni mpaka mwisho. Ingia dukani na filamu yako mwenyewe katika flashi, filamu ambayo rangi zake unazijua, ya harusi ya dada yako au ya maulidi ya mtaani kwenu. Omba mashine iwashwe. Fungua kifuniko kwa pembe moja, polepole, ukitazama kama ganda linapinda karibu na bawaba. Bonyeza katikati ya kibodi uone kama inabonyea. Igeuze uhesabu matundu ya hewa. Iache icheze filamu robo saa nzima, kisha weka kiganja pale penye joto na sikio pale penye spika. Baada ya hayo uliza saba ni saba ya kizazi gani. Na muuzaji akikuambia kwamba mashine ya kuuza haiwashwi, mshukuru kwa adabu, vuka barabara, uingie duka la pili.