Sumu ya Kuogopwa, Sumu ya Kutibu

Mtajie mtu wa Kitui au Makueni neno sumu, naye huenda akakumbuka mwaka 2004. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye aflatoksini. Katika wilaya hizo, pamoja na Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafariki.

Basi mama wa huko akiambiwa na daktari kwamba atadungwa sumu kwenye kibofu cha mkojo, atashtuka. Je, ana haki? Ndiyo, lakini sumu hii ni nyingine.

Inaitwa botulinumu, na hutengenezwa na bakteria. Ukiila katika chakula kilichoharibika, hulegeza misuli mwilini na yaweza kukata pumzi. Ikidungwa kidogo sana mahali pamoja, hulegeza misuli ya hapo tu. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kwa macho yenye makengeza, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1989. Mwaka 2011 iliidhinishwa kwa kibofu kilichovurugwa na maradhi ya neva au jeraha la uti wa mgongo, na mwaka 2013 kwa kibofu kinachokukimbiza chooni kila mara, dawa za kumeza zikishindwa.

Daktari hupitisha kifaa chembamba kwenye njia ya mkojo na kudunga ukuta wa kibofu mara kadhaa. Nafuu hudumu miezi sita hivi, kisha hurudiwa. Lakini mkojo waweza kukataa kutoka, mgonjwa akahitaji mpira kwa muda, au akapata maambukizi.

Sindano si hatua ya kwanza. Punguza chai na kahawa, zoeza kibofu kusubiri, na ufanye mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Na mama anayevuja mkojo mfululizo baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula. Hiyo kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji.

Je, nyumbani kwenu yuko mama au shangazi anayekataa safari ya Wote au Mwingi kwa kuhofia matatu isiyosimama? Muulize kwa upole, faraghani. Wengi huficha miaka mingi wakidhani ni uzee. Mpeleke hospitali.

Na mahindi yenu, yaanikeni hadi yakauke kabisa. Sumu ile haitibu chochote, na kupika hakuiondoi.