Kompyuta ya redio ikikataa kuwaka, fundi asikimbilie kufuta diski

KABONGO, Haut-Lomami — Jioni, saa ya matangazo ya watu, wamama wanapunguza kelele za vyungu ili wasikie vizuri. Ndiyo saa ya majina. Mama mmoja aliyekimbia upande wa Malemba-Nkulu anatafuta mtoto wake wa miaka tisa. Papa mmoja anawajulisha ndugu zake kwamba amefika salama, analala kwa shemeji yake karibu na reli. Kwa familia zilizohama makao yao, dakika hizo zina uzito kuliko habari za Kinshasa.

Majina hayo, kabla ya kusomwa, yanakaa mahali. Katika redio nyingi ndogo za jamii, yanakaa ndani ya kompyuta moja tu, pamoja na sauti zilizorekodiwa, barua za viongozi wa eneo na orodha za familia zilizopokelewa mitaani. Ndiyo maana kompyuta ya redio ikikataa kuwaka asubuhi, hilo si jambo la mafundi peke yao.

Mashine zenyewe mara nyingi ni za kuunganishwa kwa mkono. Sanduku linatoka hapa, bodi kuu kule, kumbukumbu kwa rafiki, vyote vimenunuliwa vikiwa vimekwisha kutumika Lubumbashi, vikapandishwa kwa treni hadi Kamina, kisha Kabongo. Humo kuna aina moja inayosumbua kuliko zote: kompyuta ya kawaida iliyowekewa macOS, mfumo wa kampuni ya Apple. Vijana wa muziki na video wanaipenda kwa sababu ya programu kama Logic Pro na Final Cut Pro, ambazo hazifanyi kazi kwenye Windows. Mac ya kweli ni ghali, basi wanaitengeneza yao. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu tangu mwaka 2006 Apple yenyewe ilikuwa ikitumia vichakato vya Intel, vilevile vinavyopatikana katika mashine za kawaida.

Ni ujuzi wa kweli, na anayeudharau hajawahi kujaribu. Lakini mashine hiyo inasimama kwa ujanja. Ndani ya diski kuna sehemu ndogo iliyofichwa, inaitwa EFI, na humo kuna programu ya kuanzishia. Zamani ilikuwa Clover, siku hizi ni OpenCore. Kazi yake ni kuidanganya macOS kwamba imekaa katika Mac halali. Ujanja huo unategemea pia mipangilio ya bodi kuu: diski isomwe kwa njia ya AHCI, ulinzi wa kuanzisha uzimwe, ile EFI iwe ya kwanza katika mstari. Kimoja kikigeuka, mashine inasimama, hata kama diski ni nzima kabisa.

Na huku kwetu kinageuka kwa urahisi. Katika bodi kuu kuna betri ndogo ya mviringo, bapa kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme siku zote, betri hiyo inapumzika. Lakini hapa umeme ni wa jenereta na wa paneli za jua, jioni kila kitu kinachomolewa, na usiku kucha ni betri hiyo peke yake inayobeba saa ya mashine na, kwenye bodi nyingi, mipangilio yake pia. Inakwisha mapema. Siku inapokwisha, bodi inasahau: tarehe inarudi miaka mingi nyuma, mipangilio inarudi ya kiwandani, na kioo kinaandika kwamba hakuna diski ya kuanzia.

Hapo ndipo kosa kubwa linafanyika. Fundi anasoma maneno hayo, anasema diski imekufa. Anaitoa, anaichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows ili aangalie. Windows haifahamu namna macOS inavyoandika diski, ile inayoitwa APFS, na inaweza kuomba ruhusa ya kuifomati. Fundi anaona hiyo ni ushahidi kwamba diski imeharibika. Anabonyeza ndiyo. Kabla ya saa sita mashine inawaka na Windows mpya, redio inarudi hewani, watu wanampongeza. Jioni mtangazaji anafungua faili la majina, na faili halipo.

Windows haikusema kwamba diski imekufa. Ilisema tu kwamba haijui kuisoma, kama mtu wa Kamina anayepewa barua ya Kichina. Kuchana barua kwa sababu hiyo ni jambo la ajabu, lakini ndilo linalofanyika.

Kumtupia fundi wa mtaani lawama yote si haki. Hakufundishwa mfumo huo, na analipwa ili redio isikike leo, si kesho kutwa. Mwenye deni kubwa ni yule aliyeiunganisha mashine, akaikabidhi, akarudi zake mjini bila kuacha flashi yenye nakala ya EFI na karatasi ya mipangilio. Ni kama kumjengea mtu nyumba na kuondoka na ufunguo. Wakubwa wa redio nao wana sehemu yao, kwa kuweka kitu cha thamani mahali pamoja tu.

Fundi akiitwa, aanze na tarehe. Aingie katika mipangilio ya bodi na kutazama siku na saa. Zikiwa si za leo, kwanza abadilishe betri, kazi ya dakika chache, kisha arudishe mipangilio. Kama haikutosha, azime, achomoe waya, atoe kumbukumbu, apanguse vumbi, asugue meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, azirudishe mpaka zilie. Vumbi la msimu wa kiangazi limewadanganya mafundi wengi. Baada ya hapo ajaribu kuanzia kwenye flashi yenye nakala ya EFI. Ikiwaka kwa flashi, tatizo ni sehemu ile ndogo tu, na majina yote yako salama. Katika orodha ya OpenCore, kama aliyeitengeneza hakulificha, kuna pia chaguo la kufuta NVRAM, yaani kumbukumbu ndogo ya mipangilio. Kufanya hivyo hakugusi mafaili ya mtu.

Alama ya tufaha ikitokea na mashine ikakwama hapo, aongeze neno dogo -v katika maagizo ya kuanzisha. Maandishi yatateremka, na mstari wa mwisho kabla ya kusimama mara nyingi unaonyesha upande wa kutafuta. Autoe picha kwa simu na kuituma kwa anayejua. Ikitokea duara lenye mstari katikati, mara nyingi maana yake macOS imeanza lakini haioni diski yake: waya, tundu, au ile AHCI tena. Na kama kila kitu kilivunjika baada ya kukubali toleo jipya, sababu inajulikana. Wenye kadi za picha za Nvidia za wakati ule waliyaona hayo: walifika toleo la High Sierra la mwaka 2017, na lililofuata halikuwa na programu za kuziendesha.

Ikibidi kweli kuifuta mashine, diski ile iwekwe kando, inunuliwe nyingine. Linux ina programu inayoitwa apfs-fuse, inayoweza kusoma diski za namna hiyo bila kuandika chochote juu yake. Mwenye subira Lubumbashi anaweza kuyatoa majina hata baada ya wiki.

Lakini je, redio inayotegemewa na watu waliopoteza kila kitu iendelee na mashine ya namna hii? Jibu ni hapana. Sheria ya kwanza: leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye mashine za Apple tu. Kampuni ya Psystar ya Marekani, iliyoanza kuuza kompyuta kama hizi mwaka 2008, ilishtakiwa na ikashindwa mahakamani mwaka 2009. Kijana katika chumba chake si Psystar, lakini redio inayopokea msaada wa watu ina jina la kulinda. Halafu njia yenyewe inafungwa. Apple ilitangaza mwaka 2020 kwamba inaacha Intel, na toleo la Tahoe la mwaka 2025 ndilo la mwisho kwa Mac za Intel. Tena mtandao wa Kabongo si wa kuteremsha gigabaiti kumi na zaidi kila mashine inapougua.

Wanaopenda Logic Pro wabaki nayo nyumbani, wakatengeneze nyimbo. Kompyuta ya hewani iwe ya Linux au Windows, ambayo fundi wa hapa anaijua. Na kabla hata ya kuibadilisha, leo jioni, mtangazaji akimaliza kusoma, ayanakili majina kwenye flashi iliyofomatiwa kwa exFAT, ambayo mifumo yote mitatu inaisoma, na mwenzake ayaandike kwa kalamu katika daftari la shule. Daftari hilo likae kwa mlinzi, si ndani ya studio.