BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Mgeni wa Pikipiki



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mbolea wala viwavi. Tunazungumza juu ya wageni. Jambo hili nalo linamhusu mkulima, maana wageni hupita barabarani, na barabarani ndipo wengi wetu tunapouza mazao.

Wewe uliyeko Mutuka, ukienda mjini Babati wakati wa kiangazi, huenda umekwisha kuwaona. Wanakuja wawili au watatu juu ya pikipiki kubwa. Wamevaa kofia ngumu, makoti mazito na viatu virefu. Pikipiki zao zina masanduku ya bati pande zote mbili. Wengine ni Waingereza, wengine ni Wajerumani, wengine ni Wamarekani. Leo tuwatazame hasa Wamarekani. Wao hutushangaza, nasi tunawashangaza.

Kwa nini wapite Babati? Babati iko kwenye njia kuu ya zamani ya kwenda kusini. Mtu akitoka Cairo, nchi ya Misri, akitaka kufika Cape Town, Afrika Kusini, anaweza kupita Nairobi, Namanga, Arusha, Babati, Dodoma, Iringa, Mbeya na Tunduma. Zamani kati ya Babati na Dodoma ilikuwa barabara ya udongo. Wakati wa masika magari yalikwama. Mwaka 2018 barabara ya lami kati ya Dodoma na Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa. Lami imerahisisha safari.

Wamarekani si wageni wapya katika barabara zetu. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kundi la kwanza la watu wa kujitolea wa Peace Corps lilifika Tanganyika. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wataalamu wa miamba. Walikuja kusaidia kazi ya barabara. Baadaye wengine walikuja kufundisha shuleni.

Kwetu pikipiki ni chombo cha kazi. Inabeba gunia la mahindi, dumu la maziwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Kwao watu wengi huendesha pikipiki kwa kupenda tu. Basi usimcheke mgeni kwa kuacha gari na kupanda pikipiki. Naye asitucheke akituona watu watatu juu ya pikipiki moja, ingawa hapo sheria iko upande wake.

Sasa tutazame mambo manne.

KWANZA, SALAMU. Mmarekani hana desturi ya kuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mifugo. Akisimama husema neno moja la salamu, kisha huuliza njia. Mzee akisikia hivyo huona amedharauliwa. Hakudharauliwa. Hiyo ndiyo desturi ya kwao. Wewe mwenyeji anza kumsalimu, naye atajifunza.

Tena, akipita hukupungia mkono wa kushoto. Usikasirike. Mkono wa kulia umeshika mafuta ya pikipiki. Vijana wa bodaboda wanalijua jambo hili.

PILI, UMBALI. Tukiulizwa mahali fulani ni wapi, tumezoea kusema, "Hapo mbele tu." Tunasema hivyo kwa wema, tusimvunje mtu moyo. Kwa mtu anayetembea kwa miguu neno hilo humpa nguvu. Kwa mtu wa pikipiki mwenye mafuta kidogo, neno hilo ni hatari.

Fikiri juu ya njia ya kwenda Arusha. Huko kuna Kwakuchinja, mahali ambapo wanyama hupita kati ya hifadhi ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Ndovu havai taa. Umwambie mgeni kituo cha mafuta kiko hapo mbele tu, aishiwe mafuta usiku katikati ya pori, nani atajibu?

Kwa hiyo sema kilomita. Kama hujui, sema hujui, umpeleke kwa anayejua. Kumbuka pia kwamba Wamarekani hupima njia kwa maili. Maili 1 ni kama kilomita 1.6. Kilomita 80 ni kama maili 50. Wao hupima mafuta kwa galoni. Galoni 1 ya Kimarekani ni karibu lita 3.8.

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo elimu yako inapofanya kazi. Andika tarakimu kwenye karatasi au hata mchangani. Andika 80 na km. Hajui Kiswahili, lakini 80 ataisoma.

Saa nayo huleta makosa. Ukimwambia duka linafunguliwa saa 2 asubuhi, kwa hesabu yake hiyo ni saa 8. Mchoree uso wa saa na mishale yake.

Tena, kwao vyombo hupita upande wa kulia wa barabara. Hapa tunapita kushoto. Asubuhi, akiwa bado na usingizi, anaweza kutoka na kushika upande wa kulia. Ukimwona hivyo, mwonyeshe kwa mkono upesi.

TATU, BEI. Msimu uliopita niliona fundi mmoja akiziba pancha ya mgeni kando ya barabara. Hawakupatana bei kwanza. Kazi ilipokwisha fundi alitaka mara 10 ya bei ya kawaida. Mgeni alikataa. Sauti zikapanda, watu wakajaa. Mzee mmoja akamwuliza fundi, "Mwanangu, ningekuwa mimi, ungenidai ngapi?" Fundi akanyamaza. Kisha mzee akamwonyesha mgeni lile gurudumu. Lilikuwa zito, na fundi alikuwa ametoka jasho juani kwa saa nzima. Mgeni akaelewa. Wakapatana bei iliyozidi ya kawaida, lakini isiyo ya wizi.

Mzee yule alitufundisha sote. Kazi kubwa ina bei kubwa, hata kwa jirani. Lakini ngozi ya mtu haina bei. Patana kabla ya kushika kazi. Tena dai shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni za Serikali zinakataza kutoza bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni.

NNE, WATOTO. Mtoto akisikia mlio wa pikipiki kubwa hukimbilia barabarani akipiga kelele, "Mzungu, nipe hela!" Pikipiki yenye mizigo haisimami upesi. Shilingi moja inaweza kugharimu mguu wa mtoto. Na mtoto akizoea kupewa fedha kwa kupiga kelele, kesho ataona shule haina faida. Tuwafundishe kukaa mbali na lami na kupunga mkono. Kuuza ndizi ni kazi. Kuomba si kazi.

Mgeni akitaka kulala kijijini, mpeleke kwanza ofisi ya kijiji au ya mtaa. Akitaka kukupiga picha nawe hutaki, kataa kwa upole. Ni haki yako.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli mgeni huyu ana fedha kuliko wengi wetu. Lakini yuko mbali na kwao, hana kioo wala mlango wa kujifungia, na anategemea neno letu. Tumwambie kweli na kumtoza haki. Akifika Dodoma atawaambia wenzake kwamba Babati unaweza kusimama bila hofu. Nao watasimama, na ndizi zetu zitanunuliwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kutoka kijijini kwako hadi kituo cha mafuta ni kilomita ngapi? Ni maili ngapi?

2. Je, ni haki kumtoza mgeni zaidi ya mwenyeji? Wakati gani?

3. Tufanye nini ili watoto wetu wasikimbilie barabarani?