Kidonge kidogo, je, ni nafuu kweli?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu, mniwie radhi. Kazi ya mteja ilinibana. Leo siandiki hasa habari za programu, ingawa programu imo ndani yake.

Chama chetu kina watu kumi na wawili, nusu wanakaa Thika (mimi nimo), nusu Ruiru. Tumeweka akiba miaka minne na sasa tunataka kufungua uwanja wa peintiboli, ule mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi. Uwanja wa kwanza utakuwa kwenye ploti ya mwenzetu Ruiru, futi 50 kwa 100, ile ile mnayoijua. Baadaye tungependa kuhamia shamba la ekari tatu Thika, lililokuwa la kahawa. Mweka hazina amependekeza bunduki za kipimo cha .50 badala ya .68 iliyozoeleka duniani, na hoja yake ni moja tu: sanduku la .68 huwa na vidonge 2000, la .50 huwa na 4000. "Mara mbili, bwana! Mnangoja nini?" Kisha akanigeukia. Wewe ndiwe mtu wa kompyuta, tupigie hesabu.

Basi nimepiga.

Namba hizo ni sehemu za inchi: .68 ni milimita 17.3, na .50 ni milimita 12.7. Kwa macho tofauti si kubwa. Lakini ujazo hufuata kipenyo mara tatu, kwa hiyo kidogo kina kama asilimia 40 tu ya ujazo wa kikubwa. Kimoja kina uzito wa gramu 3 hivi, kingine 1.2. Ganda lake la jelatini (ni lile lile la vidonge vya mafuta ya samaki, na mashine ni za aina ile ile) halipungui hivyo. Likiwa na unene ule ule linabaki asilimia 54. Sasa tuseme vidonge viwili vidogo vinauzwa kwa bei ya kimoja kikubwa. Umepata rangi asilimia 80 tu ya ile ya kikubwa, na ganda jingi zaidi. Hapo "mara mbili" imeshaanza kupungua.

Nikaandika programu fupi ya kufuata kidonge hewani. Mistari arobaini tu, nilimaliza kabla chai haijapoa. Nilianzia mita 85 kwa sekunde, karibu na kasi inayoruhusiwa viwanjani, na nikaweka hewa ya huku kwetu, maana kwenye mita 1500 juu ya bahari hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia kama 14. Kinapotoka mtutuni, kikubwa kina jouli 10.8 na kidogo 4.3. Hewa humkaba mdogo zaidi. Baada ya mita 30 kikubwa kimebaki na jouli 3.4, kidogo 0.9, yaani robo. Nilichokipenda zaidi ni hiki: kidonge kidogo kikiwa kimesafiri mita 5 tu kina nguvu sawa na kikubwa kilichosafiri mita 30.

Maana yake nini uwanjani? Kidonge kisicho na nguvu hakipasuki. Kinagonga koti, kinaruka, kinaanguka kwenye nyasi kikiwa kizima, na aliyepigwa anaendelea kucheza huku akiapa hakuguswa. Tuliponunua mchezo wa majaribio kwa watu na bunduki ndogo za kukodi, mabishano yalikula nusu ya muda. Shemeji yangu alipigwa mara nne bila doa hata moja! Na mtu asipoona doa anafyatua tena. Kama mchezaji angetumia vidonge 100 vikubwa na sasa anatumia 180 vidogo, kwa nusu ya bei tumeokoa asilimia 10, si 50.

Sasa mtadhani nitapigia kura .68. Hapana.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Ukiweka vizuizi na mapipa, watu watakuwa wanalengana kwa mita 5 hadi 15. Kwa umbali huo .68 inaumiza, na wateja wetu wa Ruiru watakuwa watoto wa sherehe za kuzaliwa na wafanyakazi wa ofisi wasiotaka kurudi Jumatatu na alama za zambarau. Kidonge kidogo hapo kinapasuka vya kutosha na maumivu yanavumilika. Hata gesi ya mtungi inapiga mara nyingi zaidi. (Kinyago cha macho hakivuliwi hata hivyo. Jouli 4 kwenye jicho ni hatari, wala sitaki mjadala. Na nyavu ziwe ndefu, kuna jirani anaanika nguo ng'ambo ya ukuta.)

Kwa hiyo nasema tununue .50, lakini kwa sababu ya ukubwa wa ploti, na bei ya kuingia tuipange kana kwamba hatukuokoa chochote.

Linaloniuma ni Thika. Mtutu wa .50 haupokei kidonge cha .68, wala chombo cha kulishia. Siku tutakapohamia kwenye ekari tatu, watu wakifyatuliana kwa mita 40 kati ya mibuni, bunduki hizi hazitatufaa na itabidi tununue upya zote. Wenzangu wa Thika wameniuliza kama nimehongwa na watu wa Ruiru. Nimewatumia programu, wabadilishe namba wenyewe. Mkutano ni Jumapili saa nane, na mweka hazina bado anasema mara mbili ni mara mbili.