Kwa mtoto mkimbizi, yaliyopita ni ndwele

Kosa ninalotaka kulisimulia leo nililitenda kwa kalamu nyekundu, na nililitenda nikiwa na hakika kwamba ninatimiza wajibu wa ualimu.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili kuhusu ufundishaji wa insha katika shule moja ya msingi iliyomo kambini Kakuma, katika Kaunti ya Turkana. Ili kuwaonyesha wenzangu njia niliyokuwa nikiipendekeza, nililishika darasa mwenyewe, nikaandika ubaoni mada ambayo ni nadra kumpata Mkenya aliyepita shuleni asiyeifahamu: "Siku ambayo sitaisahau". Wanafunzi wakayainamia madaftari yao. Jioni, nilipokuwa nikisahihisha, niliifikia insha ya mvulana mmoja aliyetoka mashariki mwa Kongo. Aya yake ya kwanza ilikuwa safi. Palikuwa na kijiji, palikuwa na shamba la mihogo, mama alikuwa akitwanga. Katika aya ya pili usiku uliingia, na sarufi ikabadilika ghafla. Wanagonga mlango. Wanamwita baba. Mimi niko chini ya kitanda, ninaona viatu. Niliizungushia kila "-na-" duara jekundu, kisha nikaandika pambizoni: "Tumia wakati uliopita." Insha yenyewe haikuwa na mwisho. Iliishia kwenye viatu.

Asubuhi yake mwalimu wa darasa alinieleza kwamba kijana huyo, alipoweka kalamu chini, alitoka bila ruhusa akajificha nyuma ya vyoo hadi kengele ya mwisho. Aliongeza kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mlango ukibamizwa na upepo, mvulana huduwaa, asisikie hata akiitwa kwa jina. Shuleni alihesabiwa kuwa mkaidi.

Mimi ni mtu wa isimu. Najua fika kwamba msimulizi hodari aweza kuutumia wakati uliopo kuyaeleza mambo ya kale, ili hadithi ipate uhai. Lakini mtoto yule hakuwa akipamba hadithi. Wala hakuwa hajui sarufi, maana aya yake ya kwanza yatosha kuwa ushahidi. Aliandika "wanagonga" kwa sababu, kwake yeye, walikuwa bado wanagonga. Nilimsahihisha lugha mahali ambapo lugha yake ilikuwa ikisema kweli tupu.

Wataalamu wa maradhi ya akili wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza madhara ya kudumu ya kiwewe katika orodha yao rasmi ya maradhi. Mojawapo ya dalili zake kuu ni kumbukumbu zinazomvamia mtu bila hiari yake, awe macho au usingizini. Nitaziita kumbukumbu vamizi. Aghalabu wataalamu hueleza hivi: kumbukumbu ya kawaida huwa na mahali pake na tarehe yake, lakini katika hofu kuu akili hunasa kwa nguvu sauti, harufu na sura, huku ikishindwa kuzifunga barabara katika mpangilio wa wakati. Baadaye kishindo kidogo tu hutosha kulirejesha tukio zima, nalo hurejea kana kwamba linatendeka sasa. Wahenga wetu waliliona hili zamani waliponena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lugha yetu yenyewe inatupa mwanga. Tunasema mtu "anakumbuka", na katika kitenzi hicho mtu ndiye mtendaji: yeye huiendea kumbukumbu na kuichukua. Kumbe mtoto huyu hakumbuki, bali hujiwa. Kumwambia "sahau" ni kumwamrisha aache kutenda jambo ambalo hakulitenda.

Hata hivyo, hiyo ndiyo dawa tunayoitoa kila siku. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," humwambia mtoto, tukidhani tumemtuliza. Methali hiyo ni nzuri kwa mahasimu wanaopatana. Kwa mtoto wa aina hii haifai, kwa sababu kwake yaliyopita ndiyo ndwele, na ndwele hugangwa. Isitoshe, kulisukuma wazo mbali kwa nguvu hakulifukuzi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu waliombwa wasimfikirie dubu mweupe, na kila alipowajia akilini wapige kengele. Kengele zililia. Tena, walioanza kwa kumzuia dubu huyo walimfikiria mno baadaye waliporuhusiwa. Ikiwa dubu asiyemdhuru mtu hafukuziki kwa amri, sembuse viatu vya wauaji?

Jambo hili si la mtoto mmoja. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu hadi Ethiopia, wakafurushwa tena huko baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Kambi za Dadaab nazo zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya Wasomali. Vita vilivyozuka Sudan Kusini Desemba 2013 vilileta watoto wengine, na mashariki mwa Kongo hakujatulia hadi leo. Wengi wa watoto hawa husomea mtaala wetu na kufundishwa Kiswahili. Kwa hiyo, mwalimu wa Kenya hana budi kulijua jambo hili.

Je, afanye nini? Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kumfanya mtoto aseme yote, leo hii, mbele ya wenzake. Hilo ni kosa la pili, na huenda likawa kubwa kuliko la kwanza. Shirika la Afya Duniani linaonya dhidi ya kumketisha mtu mara moja tu, punde baada ya msiba, na kumtaka asimulie yaliyomfika, kwani njia hiyo haikuonekana kuzuia madhara ya kiwewe.

Usimulizi unaoponya una utaratibu wake. Wataalamu watatu, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, walibuni tiba ya kusimulia maisha. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni kuwa njia ya maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka maua palipokuwa na furaha na mawe palipokuwa na msiba. Kisha, katika vikao kadhaa, husimulia kwa mfuatano, naye mshauri humsaidia kulipa kila jiwe mahali na wakati wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, tiba hii ilijaribiwa katika makazi ya Nakivale, Uganda, miongoni mwa wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia. Washauri hawakuwa madaktari, bali wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Miezi kadhaa baadaye, takriban asilimia 70 ya waliopata tiba ya kusimulia hawakuwa tena na maradhi hayo, ikilinganishwa na asilimia 37 ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba. Hao walikuwa watu wazima, lakini upo pia mfumo wa tiba hiyo uliotengenezewa watoto.

Kwa jicho la mwanaisimu, tiba hiyo humrudishia mtu viambishi viwili alivyonyang'anywa na hofu. Cha kwanza ni "-li-", kinachoweka tukio nyuma yetu. Cha pili ni "-ka-", kinacholisogeza mbele: jirani akanitoa, tukakimbia, tukavuka mpaka, tukafika. Katika insha ya mvulana wangu hapakuwa na "-ka-" hata moja baada ya usiku kuingia. Hadithi yake ilikwama chini ya kitanda.

Mwalimu si mganga wa kiwewe, na asijifanye mganga. Lakini yapo mambo yaliyo katika uwezo wake. Kwanza, asiadhibu kuduwaa. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini maneno makali nayo huchapa. Pili, mada za insha ziwe mbili au tatu, ili mtoto awe na njia ya kupita. Tatu, mtoto akivamiwa na kumbukumbu, mwalimu asimguse kwa ghafla. Amwite kwa jina kwa sauti ya chini, amweleze alipo: "Leo ni Jumanne. Uko darasani Kakuma. Mimi ni mwalimu wako." Amwombe akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, apumue polepole, ataje vitu vitano anavyoviona. Hayo nayo ni maneno, na kazi yake ni kumrejesha katika wakati uliopo ulio wa kweli. Nne, mtoto akitaka kusimulia kwa hiari yake, mwalimu amsikilize faraghani, asimchimbe kutafuta undani wa maovu, wala asimwache katikati ya usiku ule. Amsindikize hadi leo, mahali alipo salama. Tano, usingizi ukipotea kwa majuma, masomo yakimshinda au akitamka kwamba hataki kuishi, apelekwe bila kukawia kwa mshauri au kliniki ya kambi, na mwalimu asiitangaze siri yake katika chumba cha walimu.

Najua jibu litakalotoka Kakuma na Dadaab. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya 100 katika chumba kimoja atamfikia nani? Pingamizi hilo ni la haki, na wizara pamoja na mashirika yanayosimamia shule za kambi hayana budi kuongeza walimu na washauri. Hata hivyo, kuandika mada tatu ubaoni badala ya moja hakuhitaji fedha. Kumwita mtoto kwa jina lake hakuhitaji ruzuku. Nanyi mnaosomea ualimu, ulizeni katika vyuo vyenu kwa nini mnafunzwa kulitambua kosa la upatanisho wa kisarufi katika insha ya mtoto, ilhali hamfunzwi kumtambua mtoto aliyevamiwa na hofu akiwa dawatini.

Mimi sikufunzwa, na mvulana yule ndiye aliyelipa. Lau daftari lake lingerudi mkononi mwangu leo, nisingezungushia chochote duara. Ningeandika hivi pambizoni: "Nimesoma yote. Pole sana, mwanangu. Usiku ule ulipita, nawe uko hapa. Ukitaka kuendelea, nitasoma. Usipotaka, niandikie juu ya shamba la mihogo."