Kitabu cha Audrey na Mfungo wa Uongo

Leo sina fundisho refu la asubuhi. Nina hasira kidogo, nimeomba kwanza ndipo nikaandika, kwa hivyo nivumilieni.

Ijumaa iliyopita kwenye kesha, binti yetu mmoja wa kikundi cha sifa alianguka. Wengine walidhani ni nguvu za Roho, wakamfunika leso na kuendelea kuimba. Wengine wakaanza kukemea. Mama mmoja ambaye ni muuguzi ndiye aliyepiga magoti, akamshika mkono kusikiliza mapigo, akaitisha chai yenye sukari nyingi. Baada ya nusu saa msichana akakaa. Wazee walipofungua mkoba wake watafute simu wampigie mamake, wakapata kitabu kikubwa cha picha: maisha na mavazi ya yule mwigizaji wa zamani, Audrey Hepburn. Jumamosi asubuhi kitabu kilikuwa juu ya meza yangu, na maneno yakiwa haya: Pasta, pepo ndiye huyu, tukichome.

Sitakichoma. Nimekisoma mwanzo hadi mwisho, maandishi madogo chini ya picha pia. Na nimeketi na huyo binti pamoja na mamake, wakaniruhusu niandike bila kutaja jina. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu Jumatano. Alituambia sisi sote kwamba amefunga. Hakuwa amefunga, wapendwa. Alikuwa anatafuta kiuno.

Niruhusuni nianze na wazee wangu, kwa heshima. Pepo wa Hollywood ni rahisi kumkemea kwa sababu yuko mbali na hatajibu. Lakini ni nani aliyesimama madhabahuni mwezi jana akatangaza harusi, akasema magauni ya wasimamizi yameshashonwa, sasa akina dada wajipunguze waingie? Kanisa lote likacheka. Ni mimi. Na ni nani anayemsalimia msichana mlangoni kwa kumwambia "umekonda, umependeza," kana kwamba ni neno moja? Ni sisi. Na kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina dada, kati ya ombi la Jumatatu na ombi la Jumatano, kuna mtu anauza chai ya kupunguza tumbo. Kitabu kilipata shamba limeshalimwa.

Sasa wewe dada unayesoma, na wewe kijana unayemtumia mpenzi wako picha za wanawake wembamba ukisema unatania. Naongea nanyi juu ya huyo mwanamke mwenyewe, maana nina ugomvi na kitabu, ila si ugomvi walio nao wazee.

Ni kizuri, sikatai. Kuna lile gauni jeusi la Givenchy, lulu shingoni, mawani meusi, anatafuna andazi lake mbele ya duka la vito New York, katika ile filamu ya 1961. Gauni moja kati ya yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo liliuzwa mnada London Desemba 2006 kwa zaidi ya pauni 460,000. Kuna magauni ya Sabrina ya 1954. (Hapo nilicheka peke yangu. Givenchy alipoambiwa Miss Hepburn anakuja, alidhani ni Katharine Hepburn, akafungua mlango akakuta msichana mwembamba asiyemjua. Na filamu hiyo ilipopata Oscar ya mavazi, aliyeipokea ni Edith Head, Givenchy hakutajwa. Mafundi wetu wa kushona mnajua hiyo hadithi.) Ukurasa baada ya ukurasa ni kiuno, shingo, kofia, viatu bapa.

Na vita? Ukurasa mmoja. Somalia? Picha mbili karibu na mwisho, kama vile mtu amekumbuka mlangoni.

Basi nikuambie yale ambayo kitabu kimeyapita mbio. Audrey alizaliwa Brussels tarehe 4 Mei 1929. Babake aliondoka nyumbani akiwa mtoto mdogo. Vita vikamkuta Uholanzi, karibu na Arnhem. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula, na watu wapatao 20,000 wakafa njaa katika nchi hiyo. Watu walichimba mizizi ya maua ya tulip wakaipika. Yeye alitoka vitani akiwa na miaka 16, damu imepungua, mwili umevimba kwa utapiamlo. Hakuwa akitafuta umbo. Alikuwa akitafuta mkate.

Na njaa hiyo ilimnyang'anya kitu alichokipenda kuliko filamu. Alitaka kuwa mchezaji wa ballet. Alienda London kwa mwalimu Marie Rambert, na huko akaelezwa ukweli: kwa urefu wake, na kwa vile alivyodhoofishwa na miaka ya vita, hatafika ngazi ya juu kabisa. Ndipo akageukia jukwaa na filamu, kisha 1954 akapewa Oscar kwa Roman Holiday. Binti yangu, mwili unaoutazama kwenye hizo picha ulipitia hayo. Aliyekuuzia picha amekata sehemu hiyo.

Na usifikiri aliishi kwa maji na limau. Mwanawe Luca ameandika kitabu kizima juu ya jikoni la mamake. Alipenda tambi za nyanya, sahani imejaa, na chokoleti. Wewe unamwiga kwa kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifanya.

Kuna mtu ameshaanza kuniandikia: Pasta, mwili ni hekalu, na presha na sukari zinatumaliza. Ni kweli. Nenda kliniki upimwe, tembea kwa miguu badala ya kupanda boda boda hadi dukani, punguza mafuta kwenye sufuria. Mke wangu ananiambia hayo kila siku na ana haki. Lakini usichukue jina la Mungu ulifanye kifuniko. Mtu akikukaribisha chakula ukasema "niko kwenye maombi" na hauko kwenye maombi, umedanganya mara mbili. Someni Isaya 58 leo, sura yote, msichague mstari. Watu wa siku hizo nao walifunga na kulalamika kwamba Mungu haoni. Wakajibiwa kwamba mfungo anaoutaka ni mwenye njaa agawiwe chakula na aliye uchi avikwe. Yaani mfungo wa Bwana una sahani ya mtu mwingine ndani yake. Huu wa kiuno una kioo tu.

Hapo ndipo huyu mwigizaji ananishangaza. Habari ya wokovu wake ni kati yake na Mungu. Lakini msichana aliyelishwa na malori ya misaada baada ya vita hakuyasahau. Mwaka 1988 alikwenda Ethiopia kwa kazi ya UNICEF. Septemba 1992 alikuja upande wetu huu, Kenya na Somalia. Wakubwa wenu mnaukumbuka mwaka huo: ukame, watu wanavuka mpaka kwa miguu, kambi za Dadaab ndio kwanza zinafunguliwa. Alifika Baidoa, ambako watoto walikuwa wakifa kila siku, na kuna picha yake akiwa amembeba mtoto ambaye ni mifupa. Amevaa shati la kawaida tu, nywele amezifunga nyuma, uso una mikunjo. Alirudi na maumivu ya tumbo, ikawa ni saratani, na tarehe 20 Januari 1993 akafa akiwa na miaka 63. Binti yetu aliniambia picha hiyo aliipita haraka kwa sababu "hapo alikuwa amezeeka." Sikumkaripia. Nilinyamaza tu, naye akanyamaza, mamake akaanza kulia.

Katika Matendo 9 kuna maonyesho ya mavazi. Sijui kama mmewahi kuyaona hivyo. Tabitha wa Yafa amekufa, amelazwa orofani, Petro anaingia, na wajane wamesimama wakilia huku wakimwonyesha kanzu na nguo. Si alizovaa marehemu. Ni alizowashonea wao. Hakuna neno hata moja juu ya sura ya Tabitha, wala kiuno chake, wala alivaa nini Sabato. Kila mjane amevaa ushahidi wake mwenyewe.

Linganisha na vile vijitabu vyetu vya mazishi. Siku hizi ni kurasa 24 za rangi, karatasi ya kung'aa, familia imechanga: marehemu na suti ya buluu, marehemu na kitenge Mombasa, marehemu kando ya gari ambalo pengine si lake. Nimezika wengi, na mara nyingi nafungua kijitabu nikitafuta picha ya mtu mwingine aliyevaa kitu kwa sababu ya marehemu, siioni. Sisi pia tumekuwa wachapishaji wa vitabu kama hiki, na hatuna hata gauni la Givenchy la kujitetea.

Ile harusi iko palepale. Nimeongea na bibi harusi na fundi, magauni yatafunguliwa mishono yaongezwe, gharama ni yangu kwa sababu mzaha ulikuwa wangu. Chai ya tumbo haitauzwa tena kwenye kikundi cha kanisa. Kesha ijayo kutakuwa na uji na mkate saa sita usiku kwa wasiofunga, na hakuna atakayeulizwa kwa nini anakunywa. Anayefunga zaidi ya siku moja amwambie kiongozi wake wa seli, na mwenye vidonda vya tumbo au mwenye mimba asifunge, nimesema mimi.

Na wewe binti yangu, najua utasoma hii. Kitabu chako kiko ofisini, hakijachomwa, nimeweka karatasi kwenye ile picha ya Baidoa. Njoo ukichukue Jumapili baada ya ibada ya pili. Mama Mchungaji anapika ndengu na chapati. Utakula kwanza.